Pigo la Mdomo wa Kinu

Ndugu zangu wa Unguja, mnanijua: mbele ya watu sauti yangu hukauka. Safari hii niliondoka Moroni kwa hasira, kwenda kisiwa cha pili kwa bibi. Bibi yetu wa Mutsamudu, Koko Sitti, amechekwa miaka na miaka kwa kusema kwamba zamani baharia wa Kiskoti alimsikia akitwanga, akautia mdundo wa mchi wake katika muziki wa kwao. Sasa nilikuwa na ushahidi, kwenye kaseti.

Mwalimu wetu wa Moroni ndiye aliyenirekodia kutoka redio ya Ulaya. Alinieleza kuwa Mskoti yule, mtoto wa fundi mapipa ya samaki, aliacha bahari akawa mtunzi. Akatunga muziki wa piano tatu zinazopokezana kama michi mitatu katika kinu kimoja. Wakubwa wa muziki walimtaka aondoe pigo moja lililokwenda kombo. Akakataa, mpaka akafa.

Asubuhi, bandari ya Moroni. Kabla sijashuka kwenye mashua ya kutupeleka melini, mamluki mmoja wa kizungu, wa hao wanaoilinda serikali ya huku, alipekua kikapu changu.

"Hotuba ya nani hii?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Muziki."

Akauchomoa utepe wote kwa kidole, akautupa majini. Niliyotaka kumwambia siyaandiki, maana barua hii mama ataisoma kwanza.

Kesho yake adhuhuri, Hombo, mtaa wa Koko huko Mutsamudu. Nilikuwa nimetapika njia nzima. Uani wanawake walitwanga mpunga wa harusi. Bweni Echati, yaani Bi Echati, jirani na bingwa wa kumcheka bibi, akaniwahi, maana habari ya kaseti ilikuwa imenitangulia:

"Haya, mjukuu! Mzungu wa bibi yako yuko wapi? Kalala kikapuni?"

"Kaseti wameiharibu bandarini."

"Lo! Na kaseti nayo imekuwa hadithi!"

Ua mzima ukacheka. Koko akainamisha kichwa.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikashika mchi. Kaseti ile naijua kwa ghibu.

"Wawili nipokeeni," nikasema.

Tukatwanga. Zamu ya saba, palepale pa pigo la kombo la Mskoti, nikagonga mdomo wa kinu: ko!

Bweni Echati akaduwaa. "Nani kakufundisha hilo?"

"Mskoti."

"Wewe Sitti! Siku ya harusi yangu kicheko kilikushika, ukagonga mdomo wa kinu! Nilisikia mpaka chumbani nilikofungiwa. Mama alikutukana!"

"Na baharia alikuwa pale mlangoni anaandika," Koko akasema. "Hukumwona, ukasema hayuko."

"Basi nisamehe. Lakini harusi yangu uliiharibu."

Tukaanza upya, na kila aliyeshika mchi akagonga mdomo wa kinu makusudi.

Kurudi Moroni, mamluki ni yuleyule.

"Una kaseti?"

"Sina."

Nikagonga mezani pake kwa vidole, zamu saba, na lile la kombo.

"Nini hicho?"

"Muziki," nikasema kwa sauti, na waliokuwa nyuma yangu wote wakasikia.

Akapekua kikapu mpaka chini. Hakukuta kitu.

Ndiyo niliyojifunza. Nanyi huko mkiwa na kinu, jaribuni. Atakayewaambia mmekosea, msimbadilishie hata pigo moja.