Damu ya Kiden Ilizunguka Kama Maji ya Kochi

Hapana, Poni, hapana ficha. Najua unataka kuniuliza, sababu tangu tutoke hospitali ya Arua unaosha sahani ile moja tu, unaosha, unaosha. Mjukuu yangu, najibu mbele hujauliza: ambia watu ya bwana yako habari ya moyo yako sasa, harusi ikiwa bado.

Mimi hapana soma, lakini macho iko. Daktari aliweka ile kitu ya baridi kwa kifua yako, na kwa televisheni nikaona damu. Yeye na sauti yake ya puani: "Mama, mlango moja ya moyo haifungi muzuri. Damu inapita, ingine inarudi nyuma, inazunguka." Kumbe! Ile kuzunguka nilisikia zamani na hii sikio, wakati meno yangu ilikuwa bado yote.

Ilikuwa kifua ya dada yangu Kiden. Ukiweka sikio pale unasikia shwuu, shwuu, kama maji ya mto Kochi inagonga jiwe, inazunguka nyuma yake. Mama yetu alisema, "Nyamazeni. Aolewe kwanza."

Basi akaolewa kijiji ya Abuku. Mimi na shangazi tukamsindikiza. Unajua desturi: bibi harusi anasagia ukoo yote mtama kwa jiwe, wamama wanakaa kumuangalia kama watu ya mpira. Kiden anasaga, anasimama, anahema. Mama mkwe, shingo imenyooka kama ya korongo: "Eee! Tumeleta mgeni ya kulala?" Maskini, anasaga tena. Mdomo ikageuka rangi ya majivu, akaanguka juu ya unga.

Bwana yake akataka kumbeba. Mama yake akasema, "Wacha. Hiyo uvivu. Atamaliza kesho."

Sikia sasa, mwanangu. Kiden hapana pata ile sindano yako ya moyo, ya kila mwezi. Wewe unapata, hapana kosa hata moja. Peleka kijana yako na mama yake Arua, waone damu yako kwa televisheni. Wakikutaka, wakutake na moyo hiyo hiyo. Wakiogopa, waogope ukiwa bado kwetu, unakula chakula yangu. Mungu ashike hiyo mlango ya moyo yako. Na daktari akikubali uzae, watoto wakusumbue kama wewe unanisumbua.

Unacheka? Kiden pia alicheka siku ile, unga bado iko kwa uso. Shangazi alimuinua, akaweka sikio kwa kifua yake, akasikiliza sana. Alafu akafunga kitambaa yake, akageukia mama mkwe. Yeye hapana piga kelele. Akasema:

"Mtoto yako alitaka mke. Wewe ulitaka mashine ya kusaga. Basi, mwozeshe mashine."