Mluzi Uliokoma Mshauri Akiwa Likizo

Mshauri alikwenda likizo, na huku nyuma siri ya Mama Pasi ikatolewa nje, ikakabidhiwa mtu yule yule aliyekuwa akimwogopa: mumewe. Hilo ndilo kosa, na lisipewe jina jingine.

Jina la Mama Pasi alilipata kazini, kwenye duka la dobi, alikosimama mchana kutwa akinyoosha mashati ya watu. Siku moja alianguka pale pale, juu ya kapu la mashuka. Muuguzi wa zahanati ya jirani alimpima, akaona mwili hauna neno, akampeleka chumba cha mwisho, nyuma ya dirisha la dawa, kwa dada mmoja mwenye sauti ya taratibu ambaye kazi yake ni kusikiliza watu. Nyumbani Mama Pasi akasema anakwenda kupima presha.

Mle chumbani alisema jambo ambalo hata dada yake wa tumbo moja hakulijua.

"Mume wangu si mtu wa kelele. Akirudi akanawa mikono huku anapiga mluzi, najua leo kuna jambo. Namtoa binti yangu haraka, namwambia nenda kwa jirani ukafanye kazi za shule. Asipopiga, tunakula kwa amani."

Mluzi ule ndio uliokuwa king'ora chake. Kwa huo, miaka yote, mtoto hakuwahi kuona kitu. Tena akaongeza la pili: binti akimaliza mitihani, wao wawili watahamia kwa dada yake huyo.

"Neno lako halitoki humu," mshauri alimwambia.

Kisha mshauri akachoka. Ni binadamu, na likizo ni haki yake. Mama Pasi hakumwonea kijicho. "Nenda dada, kapumzike, macho yenyewe yameingia ndani." Mshauri akacheka, akasema kuna mama mtu mzima, mstaafu mwenye moyo mzuri, atamshikia nafasi.

Moyo mzuri alikuwa nao kweli. Balaa lilianzia hapo.

Siku ya miadi Mama Pasi alisukuma mlango, akakuta kiti chake kina mtu. Alimtambua kwa kisogo. Mumewe alikuwa ameketi, mguu juu ya mguu, amevaa shati alilolinyoosha yeye mwenyewe asubuhi ile.

"Karibu mwanangu, mwenzio ametangulia," alisema yule mama, uso umemkunjuka kwa furaha. "Mwenzangu alinidokezea habari zenu kabla hajaondoka. Nikasema hapana, ndoa haiponywi upande mmoja. Namba ya baba nimeipata hapo mapokezi, nikampigia."

Mama Pasi alishika fremu ya mlango. "Umemwambia nini, mama?"

"Ya heri matupu! Maskini, hakujua kama mluzi wake unakutisha. Nusura tucheke. Ameahidi ataacha. Si ndiyo, baba?"

"Nimeshaacha," mume alijibu kwa upole, akamgeukia mkewe. "Ungeniambia tu, mke wangu. Mpaka tuje kwa watu?" Akatabasamu. "Na dada yako msalimie. Mwambie hatutakwenda kumbana na nyumba yake ndogo."

Yule mama akapiga makofi. Aliwashikisha mikono, akawasindikiza mpaka nje kama maharusi.

Na kweli, mume aliacha. Jioni alirudi, maji yakachuruzika bombani, bomba likafungwa, kisha kimya. Mama Pasi alisimama jikoni na mwiko mkononi, ametega sikio mpaka shingo inauma. Siku nyingine kimya kile kilikaa mezani, kikala, kikalala. Siku nyingine kilimfuata mpaka jikoni na mlango ukafungwa nyuma yake. Hapakuwa na cha kutofautisha. Amtoe binti kila siku, kwa kisingizio gani? Ndipo jioni moja binti alipofungua mlango wa jikoni, kalamu mkononi, akamwona mama yake anapigwa.

Kazini walikuwa wakimtania.

"Shoga, siku hizi unaletwa mpaka mlangoni! Umempa nini? Tugawie na sisi."

"Mpapase mgongoni, huenda ameota mabawa ya malaika," mwingine akadakia.

Mama Pasi alicheka nao, akaunguza kola ya shati la mteja.

Mshauri akarudi. Alirudi amenawiri, pua imebabuka kwa jua, na pipi za kuwagawia watu wa mapokezi. Mama Pasi alikuja na mumewe, ambaye aliketi kwenye benchi la nje. "Ingia tu, nakungoja."

"Pole na safari, dada."

"Asante. Nimepumzika jamani, mpaka nimekumbuka kulala! Haya, habari za nyumbani?"

"Nzuri." Mama Pasi alitazama mlango. "Nzuri tu."

Vidole vyake vilikuwa vikikunja pindo la gauni na kulinyoosha, kulikunja na kulinyoosha. Chumba hiki kilishavuja mara moja. Akisema, litatoka tena. Asiposema, binti atafungua tena ule mlango wa jikoni. Aliinama mbele.

"Dada, ulimwambia mwenzako habari ya mluzi?"

"Nilimdokezea kidogo, ili akikupokea usianze upya. Kwani…"

"Alimwita mume wangu. Akaketi hapa hapa nilipokaa. Mluzi umekoma, dada. Sasa sijui ni lini."

Uzuri wote wa likizo ulimtoka mshauri usoni. Na kabla hajajibu, kule nje, kwenye benchi, mluzi ukaanza. Taratibu, nusu ya wimbo, ukikatika pale pale unapokatika siku zote. Zamani ulikuwa ukimtoka bila kujua. Leo alikuwa akimpigia yeye.

Mshauri hakumwambia atulie. Alizungusha ufunguo polepole, akafungua mlango mdogo wa upande wa dawa, akamnong'oneza muuguzi: ampitishe nyuma, wakamchukue binti shuleni, wamfikishe kwa dada yake. Mama Pasi alipita katikati ya maboksi, viatu mkononi. Nyuma yake alimsikia mshauri amerudi kukaa, anakiuliza kiti kitupu kwa sauti ile ile ya taratibu: "Ehe, na baada ya hapo ulijisikiaje?" Ananyamaza kidogo, kama anayesikiliza. Kisha anauliza tena.

Hivyo ndivyo walivyotoka. Lakini hofu nayo walihama nayo. Mpita njia akipiga mluzi barabarani, binti huweka kijiko chini.

Kwa kile kiti kitupu mshauri alilipa sehemu ya deni lake. Bado anadaiwa kumwomba Mama Pasi msamaha, kwa kinywa chake, maana ni yeye aliyeitoa ile siri kwanza. La mume ni kubwa mno, wala Mama Pasi hategemei kulipwa. Ila yule mama mwenye moyo mzuri mpaka leo huwaambia watu kwamba kuna wanandoa aliwapatanisha, wakatoka wameshikana mikono. Anadaiwa kuja mpaka mlangoni kwa dada, amtazame binti machoni, aseme: nilikosea. Mshauri humwelekeza njia kila mara, na hajaja.