Majani Aliyoyavulia Viatu Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale boma la Kisarawe, Fundi Mkuu alinitazama miguu kabla ya uso. Nilikuwa pekupeku, vilevile nilivyotoka kijijini kwetu Masaki, hukohuko Kisarawe. Akanitupia mabuti ya mpira. "Vaa haya, bwana. Umeme hauna adabu, hauulizi wewe ni mtoto wa nani." Tangu hapo sikugusa waya bila mabuti.

Baada ya miaka ya kufunga taa na feni katika nyumba za serikali, nilihamia shamba moja la mkonge upande wa Kibaha, chini ya Bwana Meneja, Mwingereza aliyependa bustani yake kuliko mkonge wenyewe. Jenereta lilikuwapo. Siku moja likaja kasha kutoka Ulaya: vichwa vya kurushia maji, koki ya umeme na saa. Nieleze kidogo, maana nyinyi leo mnaona jambo dogo. Ndani ya koki mna waya uliosokotwa. Umeme ukipita unakuwa sumaku, unavuta kijiti cha chuma, maji yanafunguka. Saa ndiyo inayoruhusu umeme, wakati uliowekwa ukifika. Hakuna mkono wa mtu. Maji yaliporuka yenyewe mara ya kwanza nilibaki mdomo wazi, na nyaya nilizifunga mwenyewe!

Tulijaribu tena na tena, Bwana Meneja na mimi, tukizunguka juu ya majani yaliyolowa. "Salama kabisa," akasema, akikanyaga kwa nguvu. Sote wawili tulivaa mabuti.

Sikukuu ilipofika akaalika wafanyakazi na wake zao waje waone ajabu hiyo. Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, na mama yake alikuwa amekuja kutoka Kisarawe kumtunza. Majirani wakamvuta naye aje. Nilipomwona nilisogea mbali nikainamisha uso. Kwetu mama mkwe humtazami machoni, seuze kumgusa.

Alifika ukingoni mwa bustani akasita. Majani yalikuwa yamekatwa sawasawa, laini kama mkeka mpya, na mkeka wa mwenyeji haukanyagwi kwa viatu. Akavua makubazi yake, akayapanga vizuri pembeni, akaingia pekupeku, wenzake wakiwa na viatu.

Wakati ukafika, maji yakaruka. Wanawake wakapiga vigelegele, na katikati ya vigelegele mama mkwe akaanguka, akakakamaa. Bwana Meneja akacheka, akidhani kashtushwa na maji. Mimi nilijua ni umeme. Swichi ilikuwa kwenye nyumba ya jenereta, nyuma ya ghala. Nikikimbilia huko nitarudi nikute maiti. Nikaingia na mabuti yangu, nikamshika makwapani, nikamburuta hadi mchangani, kanga ikimtoka.

"Yallah! Kamshika mkwewe!" mwanamke mmoja akapiga ukelele.

Wallahi, watu walishtuka zaidi kwa hilo kuliko alipoanguka. Wengine walifunika nyuso. Mimi nilikuwa nikipiga kelele jenereta lizimwe, na nikisikiliza pumzi yake. Ikaja, kidogo kidogo.

Baadaye tukaona: jana yake fyekeo la mtunza bustani lilikuwa limechuna ganda la waya karibu na koki. Bwana Meneja alipoiona shaba iko wazi, aliketi palepale kwenye matope. "Lakini nimepita hapa," akasema. "Nimepita hapa leo asubuhi."

Sasa nimestaafu, naishi Kwa Mathias, hapa Kibaha. Vijana wakiniletea kazi zao za umeme nizikague, huwauliza kwanza nani atapita pale pekupeku. Wananicheka, nami nawaacha wacheke. Hawajui kwamba wakicheka mimi nakuwa nakumbuka pazia.

Kwa siku kadhaa baada ya tukio lile mama mkwe hakusema neno juu yangu, na mke wangu aliogopa kuniuliza. Kisha mama mkwe akaniita. Nikakaa chini, yeye nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ati yale majani, wanayala ng'ombe?"

"Hapana, mama."

"Mbuzi je?"

"Hapana."

"Sasa yananyweshwa ya nini?"

"Yatazamwe tu, mama."

"Mimi nife kwa majani ya kutazamwa!"

Ndipo mkono wake ukatoka chini ya pazia, ukatafuta wangu, ukaushika. Nikauacha pale mpaka alipouachia mwenyewe.