Safari ya Kurudisha Sarafu za Kibwana

Nilitumwa Uingereza kwenda kuangalia chumba cha pesa. Ndivyo ukoo wetu wa Tanga ulivyokiita. Amina, aliyezaliwa Birmingham, binti wa mdogo wangu Kibwana, alituma picha kwenye kundi la familia la simu: kitanda, na juu yake, chini yake na pembeni yake vifuko vya plastiki vimejaa sarafu zinazong'aa. Aliandika maneno ya mzaha kwa Kiingereza. Kwetu hakuna aliyecheka.

Mwaka uliotangulia tulimzika mama, na Kibwana, mdogo wangu niliyemwachia ziwa, hakuja. Alipiga simu akasema nauli imemshinda. Tukamwachia, mimi na kinyongo changu, maana ugeni una mambo yake. Lakini picha ile ilipofika, baba yetu mdogo, Mzee Sufiani, akaitisha kikao barazani kwake.

"Nenda wewe, Mwanahawa," akasema. "Wewe dada yake mkubwa, hatakudanganya. Muulize, mtu mwenye chumba cha pesa anakosaje nauli ya kumzika mama yake? Na mwambie paa la nyumba ya mama linavuja."

Nilikuwa nimestaafu ualimu, na kiinua mgongo hakijaisha. Nikakata tiketi.

Uwanja wa ndege wa Birmingham nilifika asubuhi yenye manyunyu. Kibwana na mkewe Zaituni walikuwa wananisubiri mlangoni. Nilishtuka kumwona amepungua, shati linamning'inia mabegani. Alinikumbatia, akacheka kicheko chake kilekile, nami nikajikuta nacheka. Kisha nikakumbuka nilichotumwa, nikajikaza.

Acocks Green, wanakoishi, ni mahali pa utulivu. Kuna maduka ya kutosha, stesheni ya treni, na mitaa ya nyumba zilizoshikana zenye vibustani mbele. Chumba nilichopewa ni kilekile cha picha. Kitanda kimetandikwa shuka safi, vifuko vimesogezwa ukutani, vimepangwa kama matofali.

"Wifi, usiogope," Zaituni akasema huku akiniwekea taulo. "Zinaondoka kesho kutwa. Nimemwambia kaka yako, Ijumaa kodi ya nyumba inakatwa benki. Zisiporudi kwenye akaunti, mwenye nyumba atatuletea maneno."

Kaka yako, alisema, ingawa mimi ndiye mkubwa. Kwa adabu ya kwetu, mwanamume ni kaka hata akiwa mdogo. Lakini lililonigusa ni lile la kodi. Mtu mwenye chumba cha pesa anahangaikia kodi?

Asubuhi iliyofuata, baada ya chai, Kibwana alitandaza kitambaa cheusi mezani akamwaga kifuko kimoja. Zilikuwa sarafu za senti hamsini za huko, zenye pembe saba.

"Dada, tazama mgongoni," akasema. "Upande wa Malkia wote sawa. Lakini huku nyuma wanabadilisha michoro. Hii ngao. Hii mwanariadha. Ipo moja yenye mnara mwembamba, hiyo walitoa chache. Mwaka wa pili sasa naitafuta."

"Na ukiipata?"

"Naitia kwenye albamu."

"Huuzi?"

"Niuze nini, dada? Nimeitafuta mwaka wa pili!"

Akanieleza mwendo wake. Anachukua akiba ya nyumbani, anakwenda benki, anabadilisha kwa vifuko vya sarafu. Anazipekua, anatoa mbili tatu anazozitaka, anajazia nyingine za kawaida, kisha anazirudisha zote. Pesa ni zilezile. Ni kama mwanamke anayepepeta mchele wa jirani, akishaokota alichokitaka, mchele unarudi kwa mwenyewe.

Nilikaa naye tukapekua hadi adhuhuri. Nakiri niliipenda ile kazi. Unageuza, unatazama, unaweka. Mikono ina shughuli na mdomo uko huru. Tulizungumza habari za Tanga, za shule, za embe bolibo na nani kaolewa na nani. La mama hakuna aliyeligusa. Swali la Mzee Sufiani nililiahirisha.

Siku ya kuzirudisha tulitoka saa tatu asubuhi. Vifuko vilitiwa kwenye kile kikapu cha sokoni chenye magurudumu mawili. Kibwana alipokishika, Zaituni alimnyang'anya mpini akanikabidhi mimi.

"Avute dada," akasema, bila kueleza.

Nikaona ni dharau, mgeni kufanywa hamali. Lakini nikavuta.

Benki ya Acocks Green tuliipita. "Hapa ndipo ninapozichukua," Kibwana akasema. "Huwezi kuchukua na kurudisha dirisha lilelile, watakuona msumbufu. Kuchukua hapa, kurudisha kule."

Washwood Heath tulifika kwa mabasi mawili. Nje ya dirisha la basi palikuwa na uwanja mkubwa mtupu, umezungushiwa ukuta wa mabati, mashine za njano zikichimba. Kibwana alibisha kioo kwa kidole. "Hapo ndipo nilipofanya kazi nilipokuja. Kiwanda cha magari ya mizigo. Nilikuwa nafunga milango. Sasa wanasema patalala treni za mwendo kasi." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeonyesha shule aliyosoma.

Benki ya huko ilikuwa na foleni ndefu. Kijana wa kaunta aliweka kifuko kimoja kwenye mizani, akaweka cha pili na cha tatu, kisha akatikisa kichwa. Vifuko vilivyobaki hawezi kuvipokea, sanduku lake limejaa. Kibwana alimshukuru kama aliyepewa zawadi. Mimi nilikuwa nakokotoa kichwani, leo Alhamisi, na kikapu bado kizito.

"Twende Newtown," akasema. "Kuna mtu wangu."

Kutoka kituo cha basi cha Newtown hadi benki kuna kimwinuko, kidogo tu, kati ya maghorofa ya halmashauri. Nilivuta kikapu, yeye anatembea mikono mitupu. Katikati alisimama, akashika nguzo ya taa. "Natazama tu," akasema. Palikuwa hapana cha kutazama.

Ndani ya benki, nyuma ya kioo, alikuwa amekaa mwanamke mwenye hijabu ya kijani, Msomali aliyekulia Nairobi. Jina lake Hodan. Alipomwona Kibwana uso ukamchangamka.

"Mzee wangu! Umepotea sana. Huyu ni nani?"

"Dada yangu mkubwa. Ametoka nyumbani, Tanga."

"Karibu sana, mama." Akaanza kupima vifuko, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Kisha, macho yake yakiwa kwenye mizani, akauliza, "Na moyo je, mzee? Daktari alisema aje? Kile kidonda cha kifua kilipona kabisa, ama bado kinakusumbua ukipanda ngazi?"

Kibwana alinitupia jicho. Hodan aliinua macho, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaelewa. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Kimepona," Kibwana akasema polepole. "Alhamdulillahi."

Alipokea vifuko vyote hadi cha mwisho. Kodi ilikuwa salama. Nami nikavuta kikapu kitupu, nikatangulia mlangoni.

Nje palikuwa na benchi. Tulikaa.

"Lini?" nikauliza.

"Dada, yamekwisha."

"Kibwana, lini?"

Akatazama viatu vyake. "Mlipomzika mama nilikuwa nimelazwa. Walikuwa wamenipasua juzi yake."

"Ukasema nauli."

"Ningesemaje? Mama amelala ndani na sanda yake, niwaambie na mimi nimepasuliwa kifua? Mngekaa matanga mawili. Nauli ilikuwa rahisi kusema. Kila mtu anaielewa." Akafunga kifungo cha shati. "Nilipotoka, daktari alinikataza kazi yangu ya ghala. Nikawa nakaa ndani siku nzima, nausikiliza moyo. Rafiki mmoja akanifundisha haya mambo ya sarafu. Yananitoa nyumbani. Nikienda benki, kuna mtu ananiuliza nimeamkaje."

Mwaka mzima nilikuwa nimemkasirikia. Hasira ile niliitafuta pale kwenye benchi, nisiione. Nililia kidogo, naye akanipa leso yake. Halafu tukaenda kula sambusa kwenye mgahawa wa jirani. Zilikuwa za moto na pilipili yake kali. Akala tatu, na nikamwambia nitamsemea kwa mkewe.

Nilikaa Birmingham hadi mwisho wa mwezi. Kila wiki tulichukua, tukapekua, tukarudisha, na kikapu nilikivuta kwa raha zangu. Mnara hatukuupata. Siku ya kuondoka Zaituni alinishika mkono uwanjani akasema, "Wifi, alinikataza kuwaambia. Lakini hakunikataza kukupa kikapu."

Tanga nilipokewa na kikao kamili. Mzee Sufiani alikuwa amevaa koti. Nikawaeleza habari za sarafu, nao wakasikiliza wakitazamana. Nikawaeleza habari za kifua. Mzee Sufiani alivua kofia akaishika mapajani.

"Tulimsema vibaya," akasema. Baada ya kitambo mtu mmoja akauliza juu ya paa. "Paa tutachangishana sisi tunaolala chini yake," mzee akamjibu, akaanza yeye mwenyewe kutoa.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi watu wa pwani tunajuliana hali kuliko watu wengi, lakini jibu letu tumelifunga tangu zamani. Mtu akiulizwa hujambo, atasema sijambo hata akiwa kitandani hospitali, maana ndivyo tulivyolelewa. Basi siku hizi nikimpigia Kibwana simu humwuliza, naye husema sijambo. Nami sikati. Nanyamaza, nasubiri, nasikia sarafu zinagonga mezani kwake.

Juzi sarafu zikaacha kugonga, akasema, "Dada, leo nimeamka nimechoka."

Nikavuta kiti, nikakaa. "Nieleze," nikamwambia.