Idadi ya Wageni Lazima Iwe Nambari

Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu mahali pake. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo dada yangu alipopangiwa siku ya mahari pale nyumbani, mtaani Jericho, nilitangaza kwamba wageni nitawahesabu mimi. Mama alikuwa na hofu moja tu: wakwe, watu wa magharibi mwa nchi, wasije wakarudi kwao wakasema kwamba kwetu walikula kwa macho.

Nikatengeneza faili. Kila familia niliiweka kati ya alama zake, ya kufungua na ya kufunga: hapa jina, hapa idadi ya watakaokuja. Kisha nikaweka sheria: idadi isipokuwa nambari, mstari mzima unatupwa. Rafiki yangu wa mtaa wa Huruma, tunayefanya naye kazi, aliiona akacheka.

"Buda, hizo alama ni za kupanga maneno tu. Wacha watu waandike vile wanaskia, vile wanataka."

"Na nani atapika vile wanaskia?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye husema msomaji ataelewa. Mimi husema msomaji ndiye chanzo cha matatizo yote.

Nikawauliza wakwe idadi yao, majibu yakaanza kuingia kwenye simu. "Tutakuja, Mungu akipenda." Ikatupwa. "Sisi sote." Ikatupwa. Shangazi wa bwana harusi aliandika, "Wachache tu, usijali," nami nikajali sana. Wote niliwarudishia ujumbe uleule: tafadhali andika nambari. Wakaandika. Karibu kila familia iliandika 1. Faili ikapita bila kosa hata dogo, nikamwambia mama wageni ni wachache.

Mama amepika maisha yake yote kwa kukadiria, kisha kuongeza. "Una uhakika?"

"Mama, kompyuta imekubali."

Akapunguza mchele.

Siku yenyewe, 1 ya kwanza iliingia getini: baba, mama, mabinti watatu, mkwe, na nyanya aliyekuja na kiti chake mwenyewe. Nyuma yao ikaja 1 nyingine, kubwa zaidi. Nikamwendea yule shangazi nikiwa nimekunja uso.

"Shangazi, si uliandika 1?"

"Ndio, mwanangu. Nyumba moja." Akanishika bega kwa huruma. "Kwani nyinyi hualika watu mmoja mmoja?"

Hatualiki hivyo. Hata sisi mwaliko huenda kwa nyumba, na nilijua hivyo tangu utotoni. Sheria yangu ilihakikisha ni nambari, haikuuliza ni nambari ya nini.

Mama alifunga leso kiunoni. Alitoka akaita majirani, na mtaa ukatoa ulichokuwa nacho jikoni: chapati, githeri, omena, ugali, mboga za kienyeji. Vyote vikapakuliwa pamoja kwenye kila sahani. Rafiki yangu, aliyekuwa akigawa soda, akaninong'oneza, "Umeona? Hapa hakuna kutupa kitu eti si cha aina yake." Ningemmwagia supu kama ingekuwepo ya kumwaga.

Wakwe walikula, wakaongezwa, wakaimba. Jioni, kwa ukaidi wangu, nilifungua faili nisahihishe idadi za watu. Nikaandika wakwe wote, wajomba zetu, majirani, hata rafiki yangu. Nilipoinua macho, nikamwona mama amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko, chakula chake cha kwanza tangu asubuhi.

Nikamtafuta kwenye faili, juu mpaka chini. Sikuwa nimemwandika.