Kitabu cha Jalada la Ngozi

Nikinusa ngozi ya mbuzi sokoni, hukumbuka kitabu alichoniazima mwalimu wetu, ambacho alikuwa amekiwekea jalada la ngozi hiyo. Wakati ule wa vita vya shifta, waasi wa kaskazini mwa Kenya, serikali ilikuwa imetufungia kijiji kizima ndani ya ua wa miiba. Kitabu kilimhusu mfalme aliyewafungia raia wake zizini ili wawe huru.

“Wallahi, mwandishi huyu atakuchekesha mpaka ulie,” mwalimu aliniambia.

Langoni, askari alikifungua, akasoma ukurasa mmoja, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilifurahi, nikamwambia asome mpaka mwisho, ndiko kutamu zaidi.

“Nani alikupa kitabu kizuri hivi, msichana?”

Nikamtaja mwalimu.

Walimchukua darasani, chaki ingali mkononi. Hatukumwona tena.

Wajukuu wakiniuliza wamsome mwandishi gani, huwaambia sijui kusoma.