Umepiga?

Sikuwa napiga gitaa kila siku. Nimelikana hilo kwa muda mrefu, kwa uso mkavu, mbele ya mjomba wangu, mbele ya mkewe, na hata mbele ya fundi cherehani jirani yangu ambaye hakuwa ameniuliza.

Gitaa lilikuwa la mjomba. Ujanani alilipiga kwenye bendi ya dansi, na aliendelea kulipiga nyumbani mpaka kiharusi kilipomlegeza mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi. Akaniita kwake Korogwe ya Zamani, akanikabidhi kwa sharti moja: dakika kumi kila siku, baada ya alasiri.

"Si saa nzima Jumamosi," alisema. "Vidole havisomi kama ninyi mlivyokuwa mnasomea mitihani."

Nikishindwa, gitaa lingekwenda kwa mwalimu mmoja wa Kwedizinga aliyekuwa akiliulizia. Nami nililitaka kuliko nilivyowahi kuzitaka shahada zangu mbili.

Nilipofika nalo Handeni nikafanya hesabu ya msomi. Dakika kumi mara siku saba ni sabini. Kwa nini nisizimalize zote Jumamosi? Basi kila Jumamosi vidole viliwaka moto, na Jumamosi iliyofuata vilikuwa vimesahau kila kitu. Baada ya miezi minne, kuhama kutoka mshiko mmoja wa nyuzi hadi mwingine kulinichukua muda wa mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba.

Mjomba alinipigia simu kila siku. "Umepiga?" Mwanzoni nilibabaika. Kisha Kiswahili kikaniokoa: nikawa nawahi kumpigia mimi.

"Umepiga?"

"Nimepiga, mjomba."

Na kweli nilikuwa nimepiga. Simu.

Alhamisi moja akasema, "Jumapili njoo nalo," akakata. Hakuna utani, hakuna salamu kwa watoto. Ijumaa nikaketi barazani, nikasugua ncha za vidole kwenye sakafu ya saruji, nipate kwa robo saa sugu za miezi minne.

Jumapili nilimwamkia shikamoo nikimpa mkono wa kulia.

"Marahaba. Sasa nipe wa kushoto."

Mkono wa kushoto, kwa mkubwa! Nilisita. Mkewe, aliyekuwa akiingia na sahani ya mihogo, alisimama palepale. Nikautoa. Mjomba alibonyeza kidole kimoja kimoja, polepole, kama anayechagua nyanya.

"Ulianguka?"

"Hapana, mjomba."

"Hii ni michubuko. Ulisugua wapi?"

"Barazani."

Mkewe alicheka mpaka akaitua sahani. "Msomi wetu! Kavisugua vidole kama visigino!"

Mjomba hakucheka. Alilitazama gitaa, kisha akautazama mkono wake uliolala pajani.

Nilikimbilia jikoni. Mkewe alinifuata, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Unajua anafanya nini ukishamwambia umepiga? Anachukua ule mpira wa mazoezi aliopewa hospitali, anaubana dakika kumi. Anasema, 'Mpwa wangu naye yuko kazini.' Mimi nikimwambia aubane, haubani. Jumatano ulimwambia umepiga, na mnada unasikika nyuma yako. Tangu siku hiyo mpira uko chini ya kitanda."

Nilikuwa nimejiandaa kunyang'anywa gitaa, si kusikia hili.

Wakati wa kuaga, mjomba alisema, "Rudi nalo. Nakupa wiki mbili. Nitakupigia simu mwenyewe. Ukiwa unadanganya, nitasikia."

Nilijifungia stoo, kati ya magunia ya mahindi, simu ikinihesabia dakika kumi. Siku ya kwanza nilihama mshiko mara nne. Siku ya tano, mara kumi na moja, na kidole cha pete kikagoma. Siku ya tisa alikuja mgeni. Nikamwachia chai na televisheni, nikaingia stoo. Aliondoka akiamini nina ugonjwa wa tumbo, nami sikumsahihisha. Kila siku nilipomaliza nilitazama simu. Haikuita hata mara moja. Nikawa nauwazia ule mpira chini ya kitanda, unakusanya vumbi.

Siku ya kumi na nne simu iliita mapema, hata gitaa sijalishika.

"Umepiga?"

Jibu la zamani lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Bado, mjomba. Ndiyo nataka kuanza."

Kisha, "Weka simu juu ya gunia."

Sijui nani alimwambia habari za magunia. Niliiweka. Uzi wa tano ukakoroma, nikahama, nikarudi, nikahama tena. Nikaendelea hivyo dakika kumi nzima. Niliposimamisha mkono nilisikia kitu kikidunda sakafuni kwake, mara mbili, mara tatu, na mkewe akisema, "Kaa, nakuokotea."

"Uzi wa tano unakoroma," mjomba alisema, akihema kidogo. "Kesho anza na huo. Na yule mwalimu wa Kwedizinga nitamwambia atafute lingine."